Vimimea vya ukutani

Leo asubuhi nimechukua kikombe cha maji nikavimwagia vile vimimea vinavyoota kama zulia kwenye ukuta wa nyuma, vinavyoitwa moss kwa Kiingereza. Mvua haijanyesha siku nyingi, vilishajikunja vikawa rangi ya udongo, mtu yeyote angesema vimekufa. Nikachuchumaa hapo na kioo cha kukuzia. Dakika chache tu, jamani, majani yakaanza kujikunjua moja baada ya jingine, ukijani ukarudi, na nilipoinamisha kichwa jua likapita moja kwa moja ndani ya jani kama linavyopita kwenye karatasi iliyolowa mafuta, maana jani lenyewe sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu. Moja! Halafu hawa hawana mizizi ya kweli, wana vinyuzi tu vya kujishikizia, maji wanayanywa kwa mwili mzima.

Nimekuwa nikisoma usiku kuhusu jinsi mimea ilivyoanza kuishi nchi kavu na ndiyo maana siku hizi ukuta huu siupiti hivi hivi. Shuleni nilikaririshwa kwamba mimea ilitoka majini ikaja nchi kavu, basi, na mimi kichwani nikaona safari, kama watu wanaoshuka kwenye boti. Sasa nikifikiria naona siyo safari kabisa. Ndugu wa karibu wa mimea yote ya nchi kavu ni mwani fulani wa kijani wa maji yasiyo na chumvi, na kidimbwi hukauka chenyewe, yaani huhitaji kuhama, maji ndiyo yanakuhama wewe, na anayebaki hai mpaka mvua nyingine ndiye anayeacha watoto. Hilo likijirudia kwa mamilioni ya miaka unapata kitu kingine kabisa.

Na angalia walichokuwa wanapoteza. Majini mwili unabebwa, chakula cha madini kinakuzunguka pande zote, miale mikali ya jua inapunguzwa. Nje unakauka, unaungua, unaanguka. Kwa hiyo ikaja nta juu ya ngozi kuzuia maji yasitoke, lakini nta inazuia na hewa, ndipo vikaja vile vitundu vinavyofunguka na kufunga, stomata. Spora nazo, yaani zile chembe ndogo za kuzalia, zikavaa ganda gumu ajabu, na kwa sababu ya ganda hilo ndiyo tunajua habari zenyewe, maana spora zilizokutwa Argentina zina umri wa karibu miaka milioni 470 wakati mimea iliyozitoa yenyewe haijaonekana.

Mmea wa zamani ninaoupenda kupita yote ni Cooksonia, wa zaidi ya miaka milioni 430 iliyopita, sentimita chache tu, hauna jani hata moja, ni vijiti vinavyogawanyika mbilimbili na kila ncha ina kifuko cha spora. Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea William Lang aliupa jina hilo kwa heshima ya Isabel Cookson, mwanasayansi wa Australia. Nimeitazama picha yake mara nyingi sana, kijiti kitupu kile, na huwa nakuta nimenyamaza.

Ila kilichonikosesha usingizi juzi ni Rhynie, kijiji cha Scotland. Miaka kama milioni 407 iliyopita kulikuwa na chemchemi za maji moto, maji yake yalijaa silika, madini yale yaliyomo kwenye mchanga, yakaigandisha mimea pale pale iliposimama ikawa jiwe, na imehifadhika mpaka seli zinaonekana kwenye hadubini. Daktari mmoja, William Mackie, aliyagundua mawe hayo mwaka 1912. Sasa ndani ya seli za mimea ile, ambayo mizizi haikuwa nayo bado, kuna kuvu, wamejitandaza kama matawi ya mti mdogo sana, umbo lile lile ambalo kuvu wanalo leo ndani ya mizizi ya mimea mingi mno, wakiiletea mimea fosforasi kutoka kwenye udongo na kulipwa sukari. Yaani mshirika alikuwepo kabla ya mzizi! Mimi nilikuwa naona mmea wa kwanza ukisimama peke yake juu ya mwamba mtupu, na picha hiyo nimeiacha kabisa, nafurahi kuiacha.

Halafu hivi vya ukutani kwangu havijamaliza hata kuondoka majini. Mbegu zao za kiume zina mikia, lazima ziogelee mpaka zilifikie yai, kwa hiyo bila utando wa maji hapo juu hakuna kizazi kipya. Maji ya kikombe changu cha asubuhi kwao yalikuwa bwawa zima, na sijui kama kuna kilichofanikiwa kuvuka.

Jioni nimetoka tena na tochi ya simu. Wengi wameshaanza kujikunja, ila kwenye ufa kati ya matofali tone moja lilikuwa bado limeshikilia, na jani lililokuwa chini yake lilikuwa wazi.