Agdal: msitu unaofungwa matunda yakianza kuiva

Watu wakiona picha za mbuzi juu ya miti ya argani (mti ambao kokwa zake hukamuliwa mafuta) kusini-magharibi mwa Moroko, hucheka tu. Wasichokiona ni kalenda. Kuanzia Mei hivi hadi Agosti, tarehe zikitofautiana kijiji kwa kijiji, msitu hufungwa: mbuzi haingii, wala hakuna kuokota mpaka baraza la kabila, jmaa (ndiyo hiyohiyo "jamaa" yetu), litangaze kufungua. Kufungwa huko Waamazighi, yaani Waberberi wenyeji wa huko, hukuita agdal. Anayevunja hutozwa faini. Mavuno yakiisha ndipo mifugo inarudi.

Ardhi ni ya serikali. Sheria ya 1925 iliwaachia wenyeji haki ya matunda, kuni kavu, malisho na kilimo chini ya miti. Kila nyumba inajua sehemu yake.

Huokotwa yaliyoanguka yenyewe. Ukipiga matawi kwa fimbo unaangusha na machipukizi ya mwakani, na tunda bichi halitoi mafuta ya maana. Lita moja ya mafuta hula kilo 30 za matunda, mara nyingi zaidi. Bei nzuri ndiyo inayoharibu: mnunuzi akija mapema, mmoja anatoa fimbo, jirani anaona, naye anawahi kabla matunda hayajamalizwa.