Kutu juu ya kifuniko cha kinu: ukaguzi ulivyoikosa Davis-Besse

Mkaguzi wa usalama anapoingia kituo cha umeme wa nyuklia nchini Marekani, ni marufuku kwa mfanyakazi kupiga simu mbele na kuwatonya wenzake kwamba anakuja. Kanuni ya shirikisho, 10 CFR 50.70, inamkataza mwenye leseni kutangaza kuwasili kwa mkaguzi au mahali alipo, labda mkaguzi mwenyewe aombe. Kanuni hiyohiyo inamtaka mwenye kituo ampe ofisi palepale kituoni. Tangu 1978 NRC, yaani Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, huweka wakaguzi wanaoishi jirani na kituo na kufika kazini kila siku. Kwa kawaida hawakai kituo kimoja zaidi ya miaka saba, ili mazoea yasije yakawafumba macho.

Siku yao huanzia chumba cha udhibiti. Wanasoma daftari la zamu iliyopita, wanauliza kwa nini taa fulani ya tahadhari inawaka, na kifaa kipi cha usalama kimetolewa kazini na kwa muda gani. Halafu wanapitia ripoti mpya za hitilafu. Baada ya hapo wanashika mchoro wa mfumo mmoja, tuseme pampu za maji ya dharura, na kuufuata kwa miguu, vali baada ya vali. Je, vali iko wazi au imefungwa kama mchoro unavyotaka? Mnyororo na kufuli vipo? Swichi ya umeme ya pampu iko mahali pake? Mafuta ya beringi yanaonekana kwenye kioo? Jukwaa la mafundi limeegemea bomba ambalo tetemeko likipita litagongwa? Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo: fundi amemaliza kazi, vali haikurudishwa. Kwenye kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania, mwaka 1979, vali mbili za maji ya dharura zilikuwa zimefungwa, na ilichukua dakika nane wahudumu kugundua.

Lakini ukaguzi wa vali ni rahisi ukilinganisha na ule wa kuunganisha dalili. Kwa hilo sijui mfano wenye mafunzo mengi kuliko Davis-Besse, kituo kilichoko Oak Harbor, Ohio, kando ya Ziwa Erie.

Kinu chake ni cha maji yenye shinikizo. Maji yanayopoza fueli yana asidi ya boriki, kwa sababu boroni hunyonya nyutroni na hivyo kusaidia kudhibiti mmenyuko. Mwanzo wa mzunguko wa fueli boroni huwa nyingi, kisha hupunguzwa kadiri fueli inavyotumika. Ndani ya mabomba ya chuma cha pua asidi hiyo haina madhara makubwa. Hatari inakuja maji yanapotoka nje na kukutana na chuma cha kaboni. Penye joto kali maji hugeuka mvuke na kuacha unga mweupe mkavu, ambao hauli chuma kwa kasi. Mvujo ukizidi, chuma hupoa pale unapopita, unga unabaki na unyevu, na asidi iliyokolea katika joto la karibu nyuzi 100 inaweza kula chuma zaidi ya milimita 25 kwa mwaka.

Kifuniko cha chombo cha kinu kilikuwa cha chuma cha kaboni chenye unene wa karibu sentimita 17, na upande wa ndani kikiwa na ganda la chuma cha pua la takriban sentimita moja. Mirija 69 ya aloi ya nikeli, inayoitwa Aloi 600, ilipenya kifuniko hicho, mingi yake ikiwa njia ya fito za kudhibiti. Kila mrija ulichomelewa upande wa ndani, na aloi hii hupasuka taratibu ikikaa ndani ya maji ya moto huku ikiwa na mkazo uliobaki baada ya kuchomelewa. Ufa wa wima huvujisha maji. Ufa unaozunguka mrija ni hatari zaidi, kwa sababu mrija unaweza kukatika na kurushwa nje kwa shinikizo la karibu bar 150. Mapema mwaka 2001 nyufa za kuzunguka zilipatikana kwenye kituo cha Oconee, South Carolina. Agosti mwaka huo NRC ikatoa waraka namba 2001-01, ukilenga vituo vilivyo katika hatari zaidi vikague mirija yao kabla ya mwisho wa mwaka. Davis-Besse iliomba muda. NRC ilikuwa tayari imeandaa rasimu ya amri ya kukizima kituo, kisha ikakubali kisubiri hadi 16 Februari 2002.

Dalili hazikuwa ngeni. Zilikuwa zimeandikwa, kila moja kwenye faili lake.

Ya kwanza ni mvujo usiojulikana chanzo. Hesabu yake hufanywa kinu kikiwa kimetulia: unapima kiwango cha maji kwenye tangi la kujazia na kwenye kidhibiti shinikizo, unasubiri saa kadhaa, unapima tena, unarekebisha kwa mabadiliko ya joto, kisha unatoa mvujo unaoujua. Kinachobaki ndicho kisichojulikana. Kikomo kilikuwa galoni moja kwa dakika, yaani lita 3.8. Kwa mvujo unaopita kwenye ukuta wenyewe wa mfumo, kikomo ni sifuri. Davis-Besse ilipanda hadi kama galoni 0.2, kutoka kiwango cha chini zaidi cha miaka ya nyuma. Iko ndani ya kikomo, ikaachwa. Hapa ndipo naona kosa kubwa la kufikiri: namba ililinganishwa na kikomo badala ya kulinganishwa na jana yake. Baada ya 2002 vituo vilianza kupima kila matokeo dhidi ya wastani wao wenyewe.

Ya pili ni vichujio vya vifaa vinavyopima mionzi katika hewa ya jengo la kinu. Vilizoeleka kubadilishwa kila mwezi. Kufikia mwisho wa 1999 vilikuwa vikiziba na kubadilishwa kila baada ya siku mbili hivi. Uchunguzi wa maabara ulikuta chembe laini za kutu. Vipoza hewa navyo vilijaa boroni, vikawa vinaoshwa mara kwa mara. Hewa ya jengo zima ilikuwa imebeba chuma. Chuma hicho kilitoka wapi? Swali hilo halikufuatiliwa hadi mwisho.

Ya tatu ilionekana kwa macho. Kwenye ukaguzi wa Aprili 2000, boroni ya rangi ya kutu ilikuwa imechuruzika na kuganda kwenye matundu ya chini ya muundo unaozunguka kifuniko. Mafundi walitumia mitaimbo na maji ya moto kuiondoa, na sehemu ilibaki. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba imedondoka kutoka flanji za juu, yaani viungo vya kufungwa kwa bolti, ambazo kweli zilikuwa na historia ya kuvuja. Pendekezo la kukata milango mikubwa zaidi ili watu waone kilele cha kifuniko lilikuwepo tangu 1990, likaahirishwa tena na tena.

Rangi ingetosha kuzuia faili lisifungwe. Mrija unaoanza kuvuja huacha vipande vyeupe kama bisi kwenye shina lake. Boroni ya kutoka juu huacha tope linaloficha bisi hizo. Wekundu ni oksidi ya chuma: kuna chuma cha kaboni kinacholiwa mahali fulani. Kwa hiyo usioshe kwanza. Piga picha, chukua sampuli, pima chuma na litiamu, pima isotopu. Iodini-131, ambayo nusu-uhai wake ni siku nane, huonyesha mvujo mpya. Uwiano wa sesiamu-134 na sesiamu-137 husaidia kukadiria umri wa uliokaa. Maji yakishamwagwa juu yake, ushahidi umekwenda.

Mwanzoni mwa Machi 2002, wakati wa kutengeneza mrija namba 3, mashine ilipoondolewa mrija ukainama. Boroni iliposafishwa likaonekana shimo lenye urefu wa karibu sentimita 17 na upana wa zaidi ya 10, limekula chuma chote cha kaboni. Kilichokuwa kinazuia shinikizo ni lile ganda la chuma cha pua, nalo lilikuwa limevimba.

NRC hupima uzito wa kasoro kwa rangi kulingana na jinsi inavyoongeza uwezekano wa fueli kuyeyuka: kijani ni chini ya moja katika milioni kwa mwaka, kisha nyeupe, njano, na nyekundu ni zaidi ya moja katika elfu kumi. Davis-Besse ilipewa nyekundu. Kabla ya hapo kiashiria chake cha mvujo kilikuwa kijani. Kikosi cha NRC chenyewe kilikiri kwamba wakaguzi wake hawakufuatilia dalili hizi kwa pamoja. FirstEnergy, kampuni iliyoendesha kituo, ilitozwa faini ya dola milioni 5.45 mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 28 kuhusu taarifa za uongo ilizoipa tume. Hapo ndipo mkaguzi anapotegemea macho yake: barua ya mwenye leseni ikisema kifuniko kimekaguliwa chote, omba video.

Kwa Kenya, iliyounda mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia kwa sheria ya 2019 kabla ya kuwa na kinu chochote cha umeme, huu ndio wakati mzuri wa kuwazoesha wakaguzi kazi hii.

Amri ya NRC ya Februari 2003 ilidai chuma cha kifuniko kiangaliwe kikiwa wazi, na mirija ipimwe kwa mawimbi ya sauti au kwa njia nyingine ya kutafuta nyufa. Davis-Besse ilirudi kazini Machi 2004 na kifuniko kilichonunuliwa kutoka Midland, Michigan, kituo ambacho hakikumaliziwa. Nacho kilikuwa na mirija ya Aloi 600. Mwaka 2010, kituo kilipozimwa kubadilishiwa fueli, vipimo hivyo vilikuta nyufa upya, zikatengenezwa kabla chuma hakijaliwa namna ile, na mwaka 2011 kikawekwa kifuniko chenye mirija ya Aloi 690, inayostahimili zaidi kupasuka.