Kuchagua bunduki ya bolti ukiishi karibu na chumvi

Mtu akiniuliza anunue bunduki gani ya bolti, ile ambayo kila risasi huingizwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, mimi kwanza humuuliza ataiweka wapi. Wengi hushangaa. Wamekuja na majina ya viwanda na namba za kaliba, yaani ukubwa wa risasi, nami nataka kujua kama nyumba iko Tudor, Nyali au Voi. Kazi yangu ni injini za boti, na kwa miaka yote ya kazi hiyo nimeona chumvi ikila vyuma ambavyo wauzaji waliapa haviliki. Hapa Mombasa bunduki huharibikia kabatini kuliko inavyoharibikia uwanjani.

Niseme mapema jambo la sheria, maana vijana hulipita haraka. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na hakuna leseni ya silaha inayokufungulia mlango huo. Mkazi wa Mombasa anayetaka bunduki ya bolti anaitaka kwa shabaha, akiwa na cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Cheti kwanza, duka baadaye. Anayetaka kuwinda kihalali ataangalia kwa majirani, kama Tanzania ambako leseni bado hutolewa. Na kuvuka Lunga Lunga na bunduki kunataka vibali vya pande zote mbili, vishughulikiwe nyumbani kabla ya safari, si pale mpakani.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Tanga na taratibu zake za silaha huko zinaendelea vizuri. Alipokuja Idi hakutaka kuzungumza kingine. "Ami," akaniambia, "nataka moja tu. Nipigie shabaha, na nikipata leseni niwindie." Alikuwa ameshauriwa achukue .300 Winchester Magnum, kaliba yenye nguvu nyingi. Nikamwambia hapana. Siku ile nyumba ilijaa wageni na sikuweza kumweleza yote, basi nayaandika hapa.

Bunduki ya shabaha na bunduki ya kuwinda zinavutana kwa uzito. Ya shabaha inafaa iwe nzito, kilo tano na kuendelea, mtutu mnene, kwa sababu uzito huituliza mkononi na mtutu mnene hauchemki upesi ukipiga risasi nyingi mfululizo. Ya kuwinda utaibeba kutwa juani, na kila nusu kilo utaisikia begani kabla ya adhuhuri. Kilo tatu hadi tatu na nusu, bila darubini, ndiyo kiasi. Anayetaka moja ya kazi zote mbili lazima akubali kupoteza kidogo kila upande, na mimi ningepoteza upande wa shabaha. Bunduki nzuri ya kuwinda yenye mtutu wa kawaida huweza kuweka matundu matatu ndani ya sentimita tatu kwa mita 100. Ukiwa mwanafunzi, usahihi huo unakuzidi wewe mwenyewe.

Sasa ukiichukua .300 Magnum kwenye bunduki nyepesi, teke lake, yaani pigo linalorudi begani, linakaribia mara moja na nusu ya lile la .308, kaliba ya wastani. Teke kubwa humfundisha mtu kufumba macho na kushtuka kabla ya mlio. Tabia hiyo ikishaingia mwilini haitoki kwa maneno. Tena risasi za Magnum ni ghali, kwa hiyo mtu hupiga chache, na anayepiga chache hajifunzi. Kwa swala, ngiri na kongoni, .308 Winchester inatosha kabisa. Imekuwepo tangu 1952, hurusha risasi ya gramu 9.7 kwa mwendo wa karibu mita 850 kwa sekunde, na hutumika kwenye mashindano ya masafa marefu duniani kote. .30-06 ya 1906 ina nguvu zaidi kidogo, nayo sina ubishi nayo. Nyati ni habari nyingine. Kwa wanyama hatari Tanzania hutaka kaliba isiyopungua .375, na .375 H&H ya 1912 ndiyo iliyojijengea jina hapa Afrika Mashariki. Lakini hiyo ni bunduki ya pili, ya mtu aliyekwisha iva, wala si ya kujifunzia.

Najua atanijibu kwa kunitajia Karamojo Bell, yule Mskoti aliyeangusha ndovu wengi kwa 7x57 Mauser, kaliba ndogo. Ni kweli. Ila Bell aliujua mwili wa ndovu ndani na nje, akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Habari yake inaniunga mkono mimi: risasi ndogo iliyofika mahali pake inashinda kubwa iliyopotea. Na mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani ni dhambi ya mpigaji, hata kama sheria haikumkamata.

Kabla ya kufika kwenye kaliba, hata hivyo, mwili. Kijana wetu hutumia mkono wa kushoto, na jicho lake lenye nguvu ni la kushoto pia. Bolti ya kawaida iko kulia. Akiitumia hiyo, kila risasi atalazimika kuachia mshiko, kupitisha mkono juu ya darubini, kisha kuanza kujipanga upya. Wako wanaozoea, lakini kwa nini uzoee tabu unayoweza kuiepuka? Tikka ya Finland hutengenezwa ya kushoto, hata Remington 700 zipo za kushoto. Muuzaji atasema itachelewa kufika. Ichelewe. Kisha urefu wa kitako: simama, fumba macho, ilete bunduki begani kama kawaida yako, ndipo ufumbue. Jicho likikuta darubini imejaa mwanga bila wewe kusogeza shingo, kitako chakufaa. Ukianza kutafuta kwa shingo, hakikufai, hata iwe imetengenezwa na nani.

Kifyatulio kiwe kinakatika safi, bila kuburuza, kwa mvuto wa kidole wa kilo moja na nusu hivi kwa kuwindia. Kwa shabaha tupu waweza kukilegeza zaidi.

Kuhusu bolti yenyewe, watu hubishana mpaka chai inapoa. Paul Mauser alikamilisha mfumo wake wa 1898 kwa kucha kubwa inayoidaka risasi pale tu inapotoka kwenye magazini na kuishika mpaka iingie chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu. Ukisitasita katikati na kuirudisha bolti nyuma, risasi ile inatoka nayo, haibaki ndani kugongana na ya pili. Winchester 70 za kabla ya 1964 na CZ 550 za Ucheki zinafuata njia hiyo. Remington 700 na Tikka zenyewe husukuma risasi mbele, na kucha huishika mwishoni tu. Mbele ya nyati mwenye hasira ningetaka ya Mauser. Kwa swala na kwa karatasi ya shabaha tofauti hiyo ni ndogo, na Tikka ina bolti laini kuliko nyingi za bei yake.

Turudi kwenye chumvi. Rangi ile nyeusi-buluu ya mtutu wa zamani inapendeza, lakini haizuii kutu peke yake. Bila utando wa mafuta juu yake, jasho la kiganja tu latosha kuacha alama za vidole zilizoota kutu. Kwa anayeishi kisiwani nashauri chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, stenlesi, na hata hiyo uifute mafuta, maana nayo hushika ikiachwa. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi au wa turubai. Mfuko hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma usiku kucha. Iweke sefuni, bila risasi, imefungwa, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia katika joto la Mombasa, chuma baridi hutoka maji hapo hapo kama chupa ya soda, kwa hiyo iache ipate joto kisha uifute, ndipo uiweke. Siku ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kwanza. Mafuta yakibaki ndani, risasi ya kwanza huenda pasipo pake, na mwindaji hana nyingine ila hiyo ya kwanza.

Mbao nazo. Kijana alipenda kitako cha mjozi (mbao ya walnut), na kweli mjozi mzuri ni kitu cha kutazamwa. Lakini mbao hunywa unyevu, huvimba, na ikigusa mtutu hubadilisha mahali risasi inapoangukia. Bunduki iliyopangwa vizuri msimu wa kaskazi inaweza kupiga kwingine masika yakiingia. Jaribio ni rahisi: pitisha noti kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, mbao inagusa. Kitako cha plastiki ngumu hakina shida hiyo, nami sijali kwamba hakipendezi.

Kuna moja zaidi, na hili nalisisitiza kuliko yote. Kabla ya .308 apige .22 ya bolti, kama CZ 457, kwa muda mrefu. Risasi yake ni ya gramu 2.6 tu, haina teke, bei yake ni ndogo, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiipiga ubavuni huisogeza kama sentimita mbili na nusu kwa mita 50. Duara la katikati, la alama kumi, kwenye shabaha ya masafa hayo lina upana wa milimita 10.4. Maana yake kusi ikivuma tu, unatoka kwenye kumi usipoisoma. Anayejifunza kuusoma upepo kwa .22 huku pwani, na Tanga nako upepo ni ule ule, hatapata mwalimu bora kwa pesa yoyote.

Juzi amenipigia simu. Amekubali .308, stenlesi, ya kushoto. Kuhusu mjozi bado anabishana nami, na nimemwambia kama ni lazima, aifungue screw zote na kupaka mafuta ya kuziba mbao ndani pia, hasa mwishoni mwa kitako chini ya mpira, kwa sababu fundi wengi hupaka panapoonekana tu na maji huingilia pale.