Siku moja maishani mwangu: leo tunang'oa hodhi ya kuogea

Saa 1 asubuhi. Kazi inaanza na futi ya kupimia, nyundo baadaye. Hodhi mpya ya akriliki, yaani plastiki ngumu, ina urefu wa sentimita 170 na upana wa 70. Watu wawili wanaibeba bila kuhema, ila kona ya korido haijui wepesi. Inapita. Mwenye nyumba ananiuliza kama jioni ataoga. "Leo hapana, mama. Kesho kutwa."

Saa 2. Nafunga koki kuu, nafungua mabomba yote yamwage yaliyobaki. Nati ya bomba la kutolea maji imeganda kwa kutu. Nalikata kwa msumeno wa chuma. Kubembeleza kutu ni kupoteza asubuhi. Trepu, lile bomba lililopinda chini ya tundu la hodhi, ikishatoka, naziba mdomo wa bomba la majitaka kwa tambara. Vifusi visiingie, ndiyo, lakini zaidi ni hewa chafu: maji yanayokaa ndani ya trepu ndiyo yanayoizuia isipande nyumbani, na sasa trepu haipo.

Saa 3. Kisu kwenye silikoni kuukuu, ule utomvu unaoziba kati ya hodhi na ukuta, kisha tindo kwenye mstari wa chini wa vigae. Ukingo wa hodhi umejificha nyuma yake, kwa hiyo lazima vitoke hata kama ni vizima.

Saa 4. Kuvunja. Hodhi ya zamani ni ya chuma cha kusubu; ya ukubwa huu huweza kuzidi kilo 130, na hapa kuna ngazi. Sitaki kuvunja mgongo wa mtu. Chuma hiki ni kigumu lakini hakipindi, kinapasuka, na ndiyo maana nyundo kubwa inakiweza. (Ya bati la chuma ukiigonga hivi itabonyea tu; hiyo itoe nzima, si nzito kiasi hicho.) Hatari ni ile rangi nyeupe inayong'aa: ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma, na vipande vyake hukata kama wembe. Tunaifunika kwa blanketi kuukuu, tunavaa miwani, glavu nene, mikono mirefu na vizibo vya masikio. Msaidizi wangu alikuja na fulana. Nikamrudisha akavae shati.

Pigo la kwanza huwa halifanyi kitu zaidi ya kelele. Ufa ukishaanza, mambo yanakwenda upesi. Vipande vinashuka kwa ndoo hadi kwenye rundo la chuma chakavu.

Saa 6 mchana. Ninachokiogopa kila mara kiko chini. Mbao za sakafu kandokando ya bomba ni nyeusi, bisibisi inazama bila nguvu. Silikoni ilipasuka zamani, maji yakawa yanapenya kidogo kidogo. Namwita mwenye nyumba aone kwa macho yake kabla sijakata, maana kazi hii haikuwa kwenye makubaliano. "Kata, baba, usinifunikie uozo." Mbao mpya zinaingia.

Saa 8. Hapa siharakishwi. Pimamaji inakaa kwenye ukingo, marefu na mapana, nami nazungusha miguu ya hodhi kidogo kidogo. Wengine huiinamisha makusudi upande wa tundu. Haina haja, sakafu yake imeshatengenezwa na mteremko. Chini namwaga rojo zito la saruji, kwa kuwa maelekezo ya hodhi hii yanaruhusu, ili akriliki isibonyee mtu anaposimama.

Saa 10 jioni. Gasketi mpya, trepu mpya. Tunajaza maji mpaka yafike tundu la juu la kupunguzia, kisha tunayaachia yote kwa mpigo. Napitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo: tone ambalo jicho halilioni, karatasi inalionyesha.

Saa 11. Tunaijaza tena. Msaidizi anashangaa, "Fundi, si tumeshaipima?" Namweleza: lita 150 ni kilo 150, na chini ya uzito huo hodhi inashuka kidogo. Silikoni ukiipaka ikiwa tupu, mtu wa kwanza kuoga ataivuta ipasuke, na mbao zitaanza kuoza upya. Napaka mstari wa kwanza, kati ya ukingo na ukuta, hodhi ikiwa imejaa. Kesho ni vigae, halafu mstari wa pili kati ya vigae na ukingo, nao hodhi ikiwa bado na maji yaleyale.

"Mama, kizibo kisivutwe mpaka nirudi."