Praima Haizibi Vitundu

Kwenye Long-EZ, ile ndege ya Burt Rutan inayojengwa nyumbani kwa povu na kitambaa cha kioo kilicholoweshwa epoksi, kosa la rangi ni lilelile kila mara. Uso una vitundu kama ncha ya sindano, mjenzi anasema praima, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi ya mwisho, itavimaliza. Haivimalizi. Hutandaza ngozi nyembamba juu ya tundu na kuiacha hewa ndani. Ndege ikianikwa juani hewa inatanuka, ngozi inatoboka, na rangi yako nyeupe inajaa vidoa.

Vitundu hivyo huzaliwa kwenye puti inayopakwa juu ya kitambaa kusawazisha uso. Puti yenyewe ni epoksi na unga wa vigololi vya kioo vyenye uwazi ndani, unga kama mara 5 ya epoksi kwa ujazo, mpaka mchanganyiko usimame kwenye kijiti bila kuchuruzika. Ni nyepesi na inakubali msasa, lakini kukoroga kunaingiza hewa, na kila msasa unapopita kipovu kinafunguka. Piga msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu, mshazari, huku na huku. Ukiona nyuzi za kitambaa, acha hapohapo: nguvu ya bawa iko kwenye nyuzi hizo, puti ni sura tu.

Dawa ya vitundu ni epoksi tupu. Mimina kidogo, ivute kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, ukikandamiza ili iingie tunduni na juu ibaki filamu tu. Tabaka 3 hadi 5, kila moja ile ya chini ikiwa inanata lakini haichafui kidole. Hapo hakuna msasa katikati. Ikishakauka kabisa, usikimbilie msasa: epoksi nyingi hutoa jasho, utando unaoteleza kama sabuni. Osha kwa maji na kisuguo cha jikoni, kausha. Ukipiga msasa juu ya jasho unalisukuma ndani ya mikwaruzo, na praima itabanduka kama ganda la kitunguu.

Halafu msasa namba 220 mpaka mng'ao wote ufe, ndipo praima nzito. Ikikauka, ipulizie ukungu mwepesi wa rangi nyeusi, kisha rudi na ubao na namba 320. Weusi uliobaki ni bonde. Mahali msasa ulipotoboa praima hadi epoksi ni mlima. Sehemu kubwa ya praima itaishia sakafuni kuwa vumbi, na ndivyo inavyotakiwa, maana ni mzigo. Ila usiifute yote: miale ya jua huila epoksi isiyofunikwa.

Elevata na eleroni, vile vibao vyenye bawaba vinavyoongoza ndege, zipakwe kwa ubahili. Uzito wowote nyuma ya bawaba huvuruga mizania, na kibao kisicho na mizania kinaweza kupapatika kwa kasi hadi kikavunjika. Zikishakauka, zipime mizania upya kabla ya kuzifunga.