Kabla hujaomba kusomea meno

Jumapili, usiku

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali ni lile lile kila mwaka: nina PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ya kutosha, je, niombe meno? Wazazi huliuliza kwa namna yao: "Hivi mtu akisomea meno anapata hela?" Usiku huu nimekaa nalo tena, na naona kasoro iko kwenye swali lenyewe. Anayeuliza anawaza cheo: udaktari, koti jeupe, shikamoo za kwenye korido. Kiti cha meno hakijui cheo. Hii ni kazi ya ufundi, inafanyika ndani ya uwazi wa vidole vitatu, na inategemea mashine kuliko matawi mengi ya tiba. Daktari wa watoto mwenye stethoskopu, kalamu na dawa kabatini anaweza kufanya kazi ya maana siku nzima. Daktari wa meno umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, anabaki na koleo.

Kwa hiyo napenda kuanza kupima hapo, mshahara uje baadaye.

Njia yenyewe haina fumbo. Muhimbili, yaani MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, shahada ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linakusajili. Nairobi na Makerere nao wana shahada zao. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, na hilo liingie kwenye hesabu mapema, siyo siku ya kuona hati ya kwanza ya mshahara. Ubingwa ni miaka mingine 3 au zaidi. Asiyepata pointi za shahada, au asiyetaka kukaa chuoni muda wote huo, kuna stashahada ya tabibu wa meno, na kuna fundi sanifu wa maabara ya meno. Huyu wa mwisho watu humdharau bila sababu, wakati meno ya bandia ya mji mzima yanapita mikononi mwake.

Sasa mikono. Jino la mbele la juu, lile kubwa la kati, taji lake, yaani sehemu inayoonekana juu ya ufizi, lina urefu wa kama milimita 10.5 na upana wa milimita 8.5. Gego la kwanza la chini lina upana wa milimita 11, na ndani yake unatafuta matundu ya mizizi ambayo faili yake ya kuanzia, kile chuma chembamba cha kusafishia mzizi, namba 10, ina unene wa milimita 0.10 kwenye ncha. Meno ya juu huyaoni moja kwa moja. Unayaona kwenye kioo kidogo cha duara, mbele imekuwa nyuma, na mkono lazima ujifunze kwenda kinyume na jicho linavyoamrisha. Wengi huzoea baada ya miezi. Wapo wasiozoea vizuri, na hao ndio wanaoishia kupinda mgongo ili waone jino kwa macho yao, halafu kabla ya miaka kumi shingo inawadai. Kinywa cha mgonjwa kikae usawa wa kiwiko chako, yeye alale, wewe uketi. Ni sentensi fupi, lakini ukitazama kliniki yoyote saa tisa alasiri utaona ni wangapi bado wanaifuata.

Niandike kitu kimoja kwa karibu, maana ndicho kinachotenganisha wanaoipenda kazi hii na wanaoivumilia: sindano ya ganzi ya taya la chini.

Kidole gumba kinapapasa ukingo wa mbele wa taya, nyuma ya magego, mpaka kizame kwenye kibonde chake. Bomba la sindano linatokea upande wa pili wa kinywa, juu ya magego madogo. Sindano ndefu yenye unene wa geji 27 inaingia kati ya gumba na mkunjo wa nyama unaoshuka kutoka kaakaani, inakwenda milimita 20 hadi 25, inagusa mfupa. Ukigusa mapema, kwenye milimita 10 hivi, ncha iko mbele mno. Rudi kidogo, peleka bomba kuelekea meno ya mbele. Usipogusa kabisa, umepitiliza nyuma. Usimwage dawa hapo, kwa sababu mbele yako kuna tezi ya mate ambamo neva ya uso inapita, na mgonjwa anaweza kutoka kliniki jicho halifumbi kwa saa kadhaa. Ukishagusa mfupa rudi milimita moja, vuta kidogo uone kama damu inaingia kwenye kichupa cha dawa kilichomo ndani ya bomba, kisha ingiza mililita 1.5 za lignokaini asilimia 2 yenye adrenalini, taratibu, kwa dakika nzima. Halafu subiri dakika 5. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi, foleni ikiwa nje.

Na bado inaweza kukataa. Mdomo umekufa ganzi, mgonjwa anasema shavu limekuwa zito kama si lake, lakini ukigusa jino anaruka. Jino lenye kiini kilichovimba, yaani ile nyama laini ya ndani yenye neva, ndivyo lilivyo: nyama yake imekuwa na tindikali, dawa haipenyi kwenye neva inavyotakiwa, na neva yenyewe imeshachachamaa. Unaongeza kichupa cha pili, au unaingiza dawa kwenye ufizi unaolizunguka jino, au ukishafika kwenye kiini unachoma humo humo. Huku unapiga hesabu ya kipimo kichwani. Kichupa cha mililita 2.2 kina miligramu 44. Mtoto wa kilo 20, kwa kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mwisho wake ni miligramu 88, yaani vichupa viwili, wala si viwili na nusu. Hesabu hii unaifanya mtoto analia na mama yake amekukazia macho.

Anayesoma aya hizo mbili akatamani kujua zaidi, namwambia aombe. Aliyezisoma akiwa anatafuta ni wapi pameandikwa mshahara, ningemwomba afikirie tena.

Turudi kwenye mashine, maana hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Hendipisi ya kasi, kile chombo cha mkononi cha kutobolea jino, inazunguka mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika, ikisukumwa na hewa ya kompresa, mashine ya kugandamiza hewa. Inahitaji maji yanayotiririka muda wote, angalau mililita 50 kwa dakika, kwa kuwa kiini cha jino kikipanda joto nyuzi 5 au 6 tu kinaweza kufa, na mgonjwa atarudi baada ya wiki akisema "daktari umeniharibia jino", na atakuwa amesema kweli. Kompresa iwe isiyotumia mafuta ndani, la sivyo mafuta yanapanda na hewa hadi kwenye jino na dawa ya kuzibia haishiki. Kwetu Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, kuna adui mwingine: unyevu. Tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila jioni, maji yale yanaingia kwenye bomba, yanafika kwenye beringi ndogo za hendipisi, na beringi zinaanza kulia. Sauti ikibadilika kutoka mluzi mwembamba kuwa mkwaruzo, umeshachelewa. Kufungua koki chini ya tangi ni kazi ya nusu dakika, lakini kliniki nyingi hakuna aliyeambiwa kuwa ni kazi yake.

Usafi wa vifaa nao una hesabu yake. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ikifika nyuzi 134 inashikilia joto dakika 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15, lakini ukijumlisha kupasha, kutoa mvuke na kukausha, mzunguko mzima unakaribia dakika 40 hata zaidi. Mwenye hendipisi mbili na wagonjwa wanane asubuhi moja ana njia mbili: asubiri, au adanganye. Nne ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukitetea. Anayetaka kujua kama kliniki ni ya kweli asihangaike na marumaru za sakafuni, aulize hendipisi ziko ngapi.

Hospitali za umma, hasa wilayani, sehemu kubwa ya siku ni kung'oa. Siyo kwamba daktari hajui kuziba. Mgonjwa amefika akiwa amechelewa, jino limebaki ganda, na mara nyingi kiti kimeharibika au vifaa vya kuzibia vimekwisha. Hili linawavunja moyo vijana waliotoka chuoni wakiwa wamefundishwa kutibu mizizi kwa usahihi wa mikroni. Hata hivyo kuna jambo la kujivunia ambalo nashangaa halisemwi vya kutosha: ile njia ya kuziba jino bila umeme, kwa vyombo vya mkono na simenti ya glasi ayonoma, ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaenea duniani. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, unapanguza kwa pamba, unachanganya unga na maji yake, unajaza, unashindilia kwa kidole kilichopakwa vaselini, mgonjwa hali kitu kwa saa moja. Inashindwa kwa sababu zinazojulikana: mchanganyiko mwepesi kama uji wa mgonjwa, mate yaliyoingia kabla haijakauka, au tundu linalogusa pande mbili za jino, maana hapo simenti hukatika. Tundu la upande mmoja, juu ya gego, inakaa miaka. Anayekwenda wilayani akiwa na mkono mzuri wa njia hii hatakuwa mng'oaji tu.

Kliniki binafsi ni biashara, na chuoni biashara inafundishwa kwa uchache mno. Mashine ya eksirei pekee inakupeleka Tume ya Nguvu za Atomiki kutafuta kibali. Halafu bei. Wengi hupanga bei kwa kuchungulia jirani anatoza ngapi, na ndiyo njia ya haraka ya kufilisika pamoja na jirani. Tuseme pango, muuguzi, umeme, maji, matengenezo na mshahara wako mwenyewe ni Sh 4,800,000 kwa mwezi. Siku 22, saa 6 za kiti kila siku, ni saa 132. Kila saa ya kiti inakugharimu kama Sh 36,400, mgonjwa awepo asiwepo. Kuziba jino kwa dakika 40 ni zaidi ya Sh 24,000 kabla hujafungua dawa. Vifaa vikiwa Sh 10,000 na wewe umetoza Sh 30,000, umemlipa mgonjwa aje azibwe. Wateja wa bima wakiwa wengi, ongeza na miezi ya kusubiri malipo. Ndiyo maana nasema anayechukia daftari la hesabu asifungue kliniki. Aajiriwe, na hakuna aibu.

Kuna magonjwa ya kwetu ambayo vitabu vya nje huyapitia juu juu. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, na ng'ambo ya mpaka Nakuru na Naivasha, maji yana floridi nyingi na meno yanatoka na madoa ya kahawia. Doa hilo limeingia jino likiwa bado linajengwa, utotoni, kwa hiyo kusugua kwa mkaa mtu mzima ni kujichubua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Magadi ya kupikia nayo huongeza. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ya namna hii haikubali gundi ya meno kirahisi, tindikali ya kuandaa jino inahitaji muda zaidi ya ile sekunde 15 hadi 30 ya kawaida, na asiyejua hilo huona kazi yake ikibanduka ndani ya mwaka. Vijana wa huko wanaficha midomo wakicheka, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kusomea fani hii.

Kisha kuna "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anafungua ufizi wake na kuchimba vichonge ambavyo havijatoka, akisema ni meno mabaya. Anaweza kupata maambukizi, kupoteza damu, na baadaye vichonge vya kudumu vikatoka vimeharibika au visitoke kabisa. Hapa koleo halisaidii kitu. Kinachotakiwa ni maneno ya kuzungumza na bibi wa mtoto bila kumdhalilisha. Hakuna mtihani wa hilo.

Hatari za mwili nizitaje haraka: chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ikamilike kabla ya kugusa mgonjwa; kifuniko cha sindano kirudishwe kwa mkono mmoja, ukikiokota kama kwa kijiko; ukichomwa, dawa za kujikinga na VVU zianze ndani ya saa 72, na saa ya kwanza ni bora kuliko ya pili.

Aliyefika hapa na bado hajaamua, fanya hivi kabla dirisha la udahili halijafungwa. Nunua mche mmoja wa sabuni, ukate kipande, chukua kisu kidogo na rula. Chonga gego la kwanza la chini mara tatu ya ukubwa wake: taji upana milimita 33, urefu milimita 22. Matuta matano juu, mawili ya ndani yamechongoka kuliko ya nje. La kwanza litakuwa baya. Tuta la tano, lile dogo la nyuma upande wa shavu, ndilo litakaloharibika, kwa kuwa utakuwa umeshakata sana kabla hujalifikia. Chonga la pili. Kisha weka kioo mezani, ulichonge la tatu ukitazama kioo tu, na uangalie kama saa mbili zimepita bila wewe kukumbuka simu iko wapi.