Ndege wa Miguu Kumi

Naivasha, Jumamosi jioni

Leo asubuhi nimeona ndege mwenye miguu kumi. Nilipomwomba mwenye mashua azime injini, alicheka na kusema, "Subiri kidogo, dada, utaihesabu upya," na punde ndege yule alichuchumaa juu ya magugumaji, akalegeza mabawa, wakadondoka vifaranga wanne waliokuwa wamebanwa kwapani huku miguu yao ikining'inia nje.

Alikuwa sile-maua dume. Kwa rangi ndege huyu hana haya: mwili wa hudhurungi iliyokolea, shingo nyeupe mbele na nyeusi nyuma, manjano ya dhahabu kifuani, na juu ya mdomo kipande cha ngozi tupu ya buluu hafifu. Hata hivyo, macho yangu yaliganda kwenye vidole vyake, ambavyo ni virefu kupita kiasi na huutawanya uzito wake, hivi kwamba jani ambalo lingezama chini ya njiwa humbeba yeye akitembea na kudonoa wadudu. Gugumaji, mgeni kutoka Amerika Kusini ambaye wavuvi humlaani, tena kwa haki, kwake ni sakafu tu.

Jike ni mkubwa kuliko dume. Hulinda eneo lake, hupandana na madume kadhaa, kisha humwachia kila mmoja mayai yake, kwa kawaida manne, ya hudhurungi yenye michirizi myeusi kana kwamba mtoto ameyachezea kwa wino. Dume huatamia peke yake kwa zaidi ya wiki tatu juu ya kiota kinachoelea, kibovu kwa kweli, na kikianza kuzama huweza kuyahamisha mayai. Mwenye mashua aliponieleza hayo, neno lililonitoka lilikuwa "maskini", nikaona aibu baadaye, kwa maana tangu utotoni nimewaona kuku wa mama wakiifanya kazi hiyohiyo na sijawahi kuwaonea huruma.

Mashua nyingine ilipita kwa kasi na mawimbi yakaja. Vifaranga wawili walijitosa majini, zikabaki ncha za midomo tu juu, na wawili wakamkimbilia baba yao, ambaye alichuchumaa, akawafunika, akainuka na kuondoka taratibu kwa miguu sita.